Kuchagua madabodi na kuovakloki Nyanda za Juu Kusini: baridi isikudanganye

Kila ikiingia Juni maswali huwa yaleyale. Yanatoka kwa wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), kwa wahariri wa video za harusi pale Mwanjelwa, kwa wacheza gemu wa Kihesa mjini Iringa, na siku hizi hata Njombe na Mafinga. "Kaka, huku kwetu baridi, si naweza kuovakloki bila kununua kipoza cha maana?" "Ninunue madabodi gani?" "OptiPlex yangu inakubali?" Kuovakloki ni kuipandisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, juu ya spidi yake ya kiwandani; madabodi ni bodi kuu inayounganisha vipande vyote. Majibu nimeyaweka hapa, ili anayeanza ayasome kabla hajatuma pesa Kariakoo.

Nianze na hilo la baridi, maana ndilo linalowaponza wengi. Ni kweli chumba chenye nyuzi 14 kinaipoza prosesa kuliko chumba cha Dar chenye nyuzi 30. Lakini kuna mambo mawili watu wanayasahau. La kwanza, Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya pwani ikiwa joto ni lilelile, kwa hiyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile inaondoa joto pungufu. Sehemu ya faida ya baridi inaishia hapo. La pili ni kalenda. Juni na Julai hazidumu. Ikifika Oktoba na Novemba kabla mvua haijaanza, chumba chenye bati bila dari saa tisa alasiri kinafika nyuzi 30 bila shida. Mashine uliyoipima Julai usiku ukiwa umejifunika blanketi itakuja kuganda Oktoba mchana, tena katikati ya kazi ya mteja. Kwa hiyo mwongozo huu wote umepangwa kwa kuifikiria Oktoba.

Mashine yako inakubali?

Kama kompyuta yako ni ya ofisi iliyokuja mtumba, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, jibu ni hapana. BIOS zake (programu ya ndani ya madabodi yenye setingi zake) hazina setingi za kupandisha prosesa, na nyingi zina pawasaplai na plagi za umbo lake zenyewe, kwa hiyo hata kubadilisha pawasaplai ni kazi ya kutafuta adapta. Hizo ni mashine imara kwa kazi zake. Iwekee SSD na uiongezee RAM. Utaona tofauti kubwa kuliko ovakloki yoyote.

Kwa kompyuta ya kuunga mwenyewe, angalia prosesa na chipseti (chipu za madabodi zinazoamua bodi inaruhusu nini) kwa pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine hakifanyi kitu.

Intel: prosesa iwe na herufi K mwishoni (K, KF au KS) na madabodi iwe ya chipseti Z, kama Z370, Z390, Z490, Z690 au Z790. Core i7-8700K kwenye B360 haipandi. Core i5-9400F kwenye Z390 nayo haipandi. Chipseti B560, B660 na B760 zinaruhusu kupandisha RAM tu, prosesa hapana.

AMD: Ryzen karibu zote za mezani zimefunguliwa, ila madabodi iwe B350, B450, B550, B650 au ya mfululizo wa X. Za A320, A520 na A620 haziruhusu kupandisha prosesa. Ryzen 7 5800X3D kizidisho chake (namba inayopandishia spidi, nitaieleza chini) kimefungwa hata ukiiweka kwenye madabodi ya bei mbaya.

Kuchagua madabodi

Mtego mkubwa wa mtumba ni soketi, yaani kitako cha prosesa, ya LGA1151. Madabodi za Z170 na Z270 ni za kizazi cha 6 na cha 7 cha Intel. Za Z370 na Z390 ni za kizazi cha 8 na cha 9. Soketi zinafanana kabisa kwa macho na prosesa inakaa vizuri, lakini haiwaki. Muuzaji akikwambia "hii ni 1151, inakula zote", muulize chipseti. Ukinunua za LGA1700 (soketi ya Intel ya kizazi cha 12 hadi 14), jua kwamba Z690 ya DDR4 na Z690 ya DDR5 ni bidhaa mbili tofauti. RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. AM5, soketi ya Ryzen mpya, ni DDR5 tu.

Baada ya soketi, tazama VRM. Hiyo ndiyo sehemu inayoshusha volti 12 za pawasaplai kuwa volti moja na kidogo za prosesa, na ndiyo inayobeba mzigo wote unapoovakloki. Inakaa kushoto na juu ya soketi. Madabodi inayofaa ina hitisinki, yaani vyuma vya kupozea, zilizokazwa kwa skrubu juu ya mosfeti, zile chipu ndogo za VRM. Ukiona mosfeti ziko uchi, hiyo ni ya kutumia kwa spidi ya kiwandani. Idadi ya fezi (njia za umeme ndani ya VRM) inayoandikwa kwenye boksi isikuchanganye. Nyingine zimehesabiwa mara mbili. Afadhali fezi chache zenye hitisinki nzito kuliko nyingi zenye kipande cha plastiki chenye taa za rangi. Taa za rangi hazina msaada wowote kwa prosesa.

Tazama pia plagi ya umeme wa prosesa iliyo pembeni juu. Iwe ya pini 8. Ya pini 4 peke yake iache. Na kama madabodi ina kitufe cha kuapdeti BIOS kwa flashi bila prosesa, ongeza pesa kidogo uichukue. Ryzen 5 5600 kwenye B450 yenye BIOS ya zamani haitawaka, na bila kitufe hicho utalazimika kuazima Ryzen ya zamani ili uapdeti. Huku kwetu kupata wa kukuazima prosesa si jambo la siku moja.

Ukinunua iliyotumika, fanya hivi kabla hujalipa:

Washa tochi ya simu, iweke kwa ubavu, halafu piga picha ya soketi kwa karibu na uikuze. Kwa Intel pini ziko kwenye madabodi. Zikiwa nzima, zinang'aa kwa mistari iliyonyooka upande wote. Pini iliyopinda inaonekana kama doa jeusi au nukta inayong'aa upande usio wake. Doa moja linatosha kukataa. Halafu tazama kapasita (vile vimkebe vya mviringo) kama zimevimba kichwani, na plagi ya pini 8 kama ina rangi ya kuungua. Bodi iliyokaa pwani muda mrefu ichunguze kutu kwenye matundu ya skrubu na kwenye plagi za nyuma. Omba ijaribiwe na RAM kwenye sloti zote, siyo moja tu. Kama uko mbali, muuzaji akutumie video inayoonyesha HWiNFO64 (programu ya kusoma joto na volteji) ikiwa wazi, mashine ikiwa kwenye mzigo.

Neno moja la usafirishaji. Kama unaletewa kompyuta nzima kwa basi kutoka Dar, mwambie anayetuma avue kipoza kikubwa cha mnara na kadi ya grafiki. Safari ya kufika Mbeya ni kilomita zaidi ya 800, ina matuta ya kila kijiji na kona za Kitonga. Chuma chenye uzito wa karibu kilo moja kikining'inia kwenye madabodi iliyosimama wima, kinaivuta bodi mpaka soketi inapata shida. Prosesa ya Intel ibaki ndani ya soketi. Kama haipo, kifuniko cha plastiki cha soketi kiwepo, na bodi iwe kwenye mfuko wake wa kuzuia umemetuli.

Tahadhari nyingine inahusu Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na cha 14. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba prosesa hizo zilikuwa zinapata volteji ya kupita kiasi na kuharibika taratibu. Marekebisho yalikuja kwa apdeti za BIOS zenye mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 na baadaye 0x12B, na waranti ikaongezwa miaka 2. Apdeti inazuia madhara, haiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Mimi nasema usinunue i9-13900K au 14900K ya mtumba bila kuipima kwa saa kadhaa mbele yako, na hizo usiziovakloki kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pawasaplai ya kweli ya wati 550 hadi 650 yenye alama ya 80 Plus. Ile inayokuja bure ndani ya kasha si ya kazi hii.
- Kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120, au cha maji.
- Pesti mpya ya prosesa na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- UPS. Ya 650 VA mara nyingi inabeba wati 360 hadi 390 tu, kwa hiyo piga hesabu kabla hujaiamini.
- Soketi ya ukutani yenye ethi inayofanya kazi. Mwite fundi wa umeme aipime. Nyumba nyingi zina tundu la tatu ambalo nyuma halina waya.
- Flashi ya GB 8 au zaidi.
- Kipimajoto cha chumba. Kile cha bei ndogo cha ukutani kinatosha.
- Programu: HWiNFO64, CPU-Z, Cinebench R23, OCCT na MemTest86. Zote zina toleo la bure.
- Daftari na kalamu.

Hifadhi mafaili yako ya maana kwenye diski nyingine kabla ya yote. RAM isiyotulia inaweza kuharibu Windows au faili la mradi bila wewe kujua.

Nadharia ni hii tu. Spidi ya prosesa ni saa ya msingi ya MHz 100 mara kizidisho: kizidisho 48 ni GHz 4.8. Joto linapanda pamoja na spidi, na linapanda kwa mraba wa volteji. Ukitoka GHz 4.3 kwa volti 1.20 kwenda GHz 4.8 kwa volti 1.35, spidi imeongezeka asilimia karibu 12 lakini joto limeongezeka kama asilimia 41. Kazi ya kurenda iliyokuwa inachukua dakika 60 itachukua kama 54. Hiyo ndiyo faida halisi. Kama unaiona haikulipi, hapa ndipo pa kuachia, na hakuna ubaya.

Hatua za kazi

Natumia Core i7-8700K kwenye madabodi ya Z370 au Z390 kama mfano, kwa sababu inapatikana mtumba na inafundisha vizuri. Prosesa nyingine za K zinafuata njia hiyohiyo ila namba zake ni tofauti.

1. Safisha na ufunge kipoza upya. Zima swichi ya ukutani lakini acha waya umechomekwa ili ethi ibaki, vua sweta la sufu, kisha gusa chuma cha kasha. Miezi ya baridi huku hewa ni kavu na sweta linatengeneza umemetuli wa kutosha kuua RAM. Futa pesti ya zamani yote, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kaza skrubu za kipoza kwa kupishanisha pembe. Kama mashine imetoka kwenye basi usiku wa baridi na kuingizwa chumba chenye joto, ingoje saa kadhaa kwanza ikauke unyevu.

2. Apdeti BIOS ukiwa kwenye UPS. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, la modeli yako hasa pamoja na toleo la bodi lililochapwa juu yake. Weka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Usifanye kazi hii mawingu yakiwa yamekusanyika. Umeme ukikatika katikati ya apdeti, bodi isiyo na BIOS ya akiba inakuwa imekufa mpaka fundi aichome upya.

3. Rudisha setingi za kiwandani, halafu zima upandishaji wa kujificha. Ndani ya BIOS chagua Load Optimized Defaults. Kisha tafuta MultiCore Enhancement au jina linalofanana na hilo, uizime. Madabodi nyingi za Z zinakuja ikiwa imewashwa, zinapandisha kori zote (vichakataji vidogo vya ndani ya prosesa) hadi GHz 4.7 kimyakimya kwa volteji kubwa. Usipoizima hutajua ulipoanzia. RAM iache kwenye spidi yake ya kawaida kwa sasa.

4. Pima hali ya mwanzo. Fungua HWiNFO64, endesha Cinebench R23 kwa dakika 10. Andika daftarini: alama, joto la juu la prosesa, volteji, na joto la chumba. Hilo la mwisho wengi wanaliruka, na ndilo linalotofautisha Julai na Oktoba.

5. Piga hesabu ya Oktoba. Toa joto la chumba kwenye joto la prosesa. Tuseme chumba kina nyuzi 16 na prosesa imefika 74: tofauti ni 58. Chumba kikifika nyuzi 30, prosesa itafika kama 88. Intel wamekiweka kikomo cha prosesa hii kwenye nyuzi 100, ikifika hapo inajipunguza yenyewe. Mimi sikubali zaidi ya 85 kwa mashine ya kazi ya kila siku. Maana yake, ukipima kwenye chumba cha nyuzi 16, usivuke 71. Iandike namba yako kwa kalamu nyekundu, na kila unapopanda irudie.

6. Weka kizidisho na volteji ya kuanzia. Chagua CPU Core Ratio, iwe ya kori zote, weka 46. CPU Vcore, yaani volteji ya prosesa, iweke ya mkono, volti 1.25. AVX Offset (inayoshusha kizidisho kwenye kazi nzito za hesabu ziitwazo AVX) iache sifuri kwa sasa. Usiguse BCLK, ile saa ya msingi ya MHz 100. Usitumie kitufe cha kuovakloki chenyewe kilichowekwa na mtengenezaji. Kinafanikiwa kwa kumwaga volteji nyingi kuliko inavyohitajika.

7. Panga LLC katikati. Setingi hii inazuia volteji isidondoke mzigo unapokuja. Angalizo: kwenye ASUS namba kubwa ndiyo kali, lakini kwenye MSI na ASRock namba 1 ndiyo kali kupita zote. Mtu anayefuata video ya ASUS akiwa na ASRock anaweza kujikuta kwenye kiwango ambacho hakukusudia. Chagua cha kati, kisha thibitisha kwa HWiNFO64 kwamba chini ya mzigo volteji haipandi juu ya uliyoiweka.

8. Jaribu, panda, jaribu. Cinebench dakika 10. Ikipita na joto likiwa chini ya namba yako nyekundu, panda kizidisho kwa 1. Ikiganda au ikileta skrini ya bluu, rudi BIOS uongeze volti 0.02. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hajui kipi kimemwangusha.

9. Jua pa kusimama. Kwa 8700K mpaka wangu wa kila siku ni volti 1.35. Ukiona hatua moja ya MHz 100 inadai volti 0.05 au zaidi, umefika mwisho wa prosesa yako. Rudi hatua moja. Prosesa mbili za jina moja hazilingani. Moja inakubali 4.9 na mwenzake anagoma 4.7, na hakuna madabodi ya kubadilisha hilo.

10. Hifadhi kama profaili. BIOS ina mahali pa kuhifadhi setingi kwa jina. Hifadhi kila hatua inayopita. Piga pia picha ya kila ukurasa wa BIOS kwa simu.

11. Sasa washa XMP ya RAM. Kwenye ASUS za AMD inaitwa DOCP, na kwenye AM5 EXPO. RAM iliyoandikwa 3200 inakimbia 2133 au 2400 mpaka uiwashe mwenyewe. Wengi wamekaa nayo hivyo miaka. Ikiwa na vijiti viwili kwenye madabodi ya sloti nne, viweke sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kisha endesha MemTest86 usiku kucha. Toleo la bure linafanya mizunguko minne. Kosa moja tu ni kufeli, usilione dogo.

12. Jaribio refu, mchana. Endesha OCCT saa moja, saa nane hadi saa tisa alasiri, kasha likiwa limefungwa na liko mahali pake pa kila siku. Kupima kasha likiwa wazi dirishani usiku ni kujidanganya. Kama kazi zako zinatumia AVX na joto linaruka ghafla hapo, weka AVX Offset 1 au 2. Baada ya hapo fanya kazi yako ya kawaida wiki nzima kabla hujaiamini kwa kazi ya mteja.

Wakati wote wa majaribio, radi ikianza chomoa waya ukutani. Watu wa Tukuyu na Rungwe hilo wanalijua bila kuambiwa. Na jiko la mkaa la kuotea moto lisikae chumba cha kompyuta: majivu yanaingia kwenye hitisinki, lakini kubwa zaidi, moshi wake usioonekana unaua watu waliofunga madirisha.

Wenye Ryzen

Hapa ushauri wangu ni tofauti. Ryzen 5000 na za baadaye zinajipandisha zenyewe vizuri, na ukizifunga kwenye spidi moja ya kori zote mara nyingi unapoteza ile spidi ya juu ya kori moja ambayo gemu linaihitaji. Ndani ya BIOS ingia PBO (setingi ya AMD ya kujipandisha), weka Advanced, kisha Curve Optimizer, chagua Negative kwa kori zote, anza na 10. Ikitulia siku kadhaa nenda 15, kisha 20. Unapunguza volteji, joto linashuka, spidi inapanda yenyewe. Kwa umeme wetu na vyumba vyetu hii ndiyo njia ninayoipenda.

Ryzen 3000 hazina Curve Optimizer. Nguvu iweke kwenye RAM: DDR4 ya 3600 inakimbia sawa na saa ya ndani ya prosesa ya MHz 1800, na hapo ndipo faida ilipo. Ryzen 7000 ukiziona ziko nyuzi 95 chini ya mzigo usishtuke, zimetengenezwa hivyo, ila unaweza kuweka kikomo cha 85 ndani ya PBO bila kupoteza mengi. Wenye 7000X3D: hakikisha BIOS ni ya baada ya Aprili 2023 na volteji ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongoza RAM) haivuki 1.30. Kabla ya hapo kuna zilizoungua mpaka soketi.

Ikigoma

*Haiwaki kabisa baada ya kubadilisha setingi.* Ngoja kwanza. Madabodi nyingi zinajaribu mara kadhaa kisha zinarudi zenyewe kwenye setingi salama. Isiporudi, zima ukutani, gusisha pini mbili za jampa ya CLR_CMOS (ya kufuta setingi za BIOS) kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 10. Hakuna jampa? Toa betri dakika 5.

*Inawaka, skrini nyeusi, baada ya kuwasha XMP.* Kwenye DDR5 hasa, madabodi inaipima RAM upya na inaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza. Ikizidi dakika 15, futa CMOS na ushushe spidi ya RAM ngazi moja.

*Skrini ya bluu ya WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR.* Mara nyingi volteji ya prosesa haitoshi. Ongeza 0.01 au 0.02, au shusha kizidisho.

*MEMORY_MANAGEMENT, au programu zinajifunga ovyo.* Shuku RAM. Zima XMP, uone kama inatulia.

*Ryzen inajizima na kujiwasha ikiwa haifanyi kazi yoyote.* Curve Optimizer imezidi. Fungua Event Viewer utafute WHEA-Logger. Rudisha namba nyuma kwa 5.

*Inapita majaribio yote lakini alama za Cinebench zimeshuka.* Prosesa au VRM inajipunguza kwa joto. Angalia HWiNFO64 mstari wa Thermal Throttling. Elekeza feni ndogo kwenye hitisinki za VRM ujaribu tena.

*Ilikuwa nzima Julai, Oktoba inaganda mchana tu.* Puliza vumbi la kiangazi lililojaa kwenye kipoza, kisha pima tofauti ya joto upya kama hatua ya 5. Tofauti ikiwa imeongezeka kwa nyuzi 5 au zaidi na vumbi hakuna, badilisha pesti. Ikiwa ni ileile, shusha kizidisho kwa 1 na volti 0.03.

*Umeme ukikatika, UPS inabaki inawaka lakini kompyuta inazima.* Pima kwanza wati. Zikiwa ndani ya uwezo wa UPS, tatizo linaweza kuwa umbo la umeme wake: UPS nyingi za bei ndogo hazitoi wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai nzuri za kisasa zinalikataa zikiwa kwenye mzigo mkubwa. Jaribu UPS ya wimbi laini kabla hujailaumu madabodi.

*Tarehe inarudi nyuma na setingi za BIOS zinapotea kila ukizima ukutani.* Betri ya CR2032 imekwisha. Nunua mpya, iweke, ingia BIOS uchape setingi upya kutoka kwenye zile picha za simu.